Asiyechagua Hatajwi

Mwenyekiti Damas alizikwa Jumanne, na kufikia Ijumaa kundi tulilolifungua kwenye simu kwa ajili ya msiba wake lilikuwa limeanza kukimbiwa. Siku ya mazishi tulikuwa karibu mia mbili, watu wa Mbinga, Kitai, Mbuji na mwambao wa ziwa, wengi wenye mvi kama zangu, tukiulizana kwa furaha isiyofaa msibani: "Wewe ndiye yule Mtanashati wa Mbuji? Kumbe bado unapumua?" Kisha mmoja akatuma tangazo la dawa ya presha, mwingine akamkemea, msimamizi akafuta maneno ya watu watatu bila kuwauliza, na ile mistari midogo ikaanza kujipanga kwenye kioo cha simu yangu: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Beno wa Kitai hakuondoka kimya. Aliandika, "Mwenyekiti amekufa lakini muhuri wake katuachia," akatoka, na baada ya dakika kumi nikajikuta nimeunganishwa kwenye kundi jipya la watu kumi na wanne lililoitwa Huru Asilia. Nilikuwa nakata gauni la kipaimara la mtoto wa jirani. Niliweka mkasi chini. Tulishawahi kuondoka namna hii, sote, kabla ya simu, na katika kuondoka kule nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa marehemu Damas.

Kabla ya simu tulikuwa na kadi za salamu. Unaandika jina lako, majina ya unaowasalimu na ujumbe mfupi, unaituma redioni Dar es Salaam, halafu unasubiri wiki tatu au nne, ukikaa na redio kila Jumapili alasiri mpaka mtangazaji akusome. Tulioyapenda mambo hayo tuliitwa wasalimiaji, na kila mmoja alikuwa na jina lake la hewani. Klabu yetu iliitwa Nyanda na Ziwa, na ilikuwa kubwa. Daftari lake lilikuwa na majina ya watu kutoka vijiji vya kahawa vya juu hadi vijiji vya usipa, wale dagaa wa ziwani, kule chini. Wengi hatukuwahi kuonana. Ningeweza kukuambia mtu wa Lipingo amefiwa na nani, mwanawe amefaulu darasa gani na anapenda wimbo upi, bila kujua kama ni mrefu au mfupi. Vijana wakiniambia leo kwamba wana rafiki wa mtandaoni ambaye hawajawahi kumwona, sicheki. Rafiki yangu mkubwa wa mwaka ule alikuwa wa namna hiyo. Hewani aliitwa Edina Usipa wa Lipingo, na nilimjua kwa barua na kwa sauti ya mtangazaji akilitamka jina lake.

Mwaka ninaousema ndio ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda Mbinga na magari yao, chama cha ushirika kikaanza kufunga milango, na mitumba ikajaa sokoni hata sisi mafundi cherehani tukabaki kubana na kupunguza nguo zilizoshonwa na watu wengine. Nilikuwa na miaka ishirini, nikishona kibarazani kwa Mama Otilia na kulala chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Shule niliishia darasa la saba. Uandishi nilijifunza mwenyewe, kwenye vipande vya barua za ofisini vilivyofungiwa maandazi; nilivinyoosha, nikafuta mafuta, nikanakili jinsi wakubwa wanavyoanza na wanavyomaliza. Lakini nilikuwa na ugonjwa wa kufumua. Mshono ukipinda kidogo tu, nilifumua wote. Barua ikiwa na neno moja lililokatwa, niliirudia tangu anwani. Mama Otilia alizoea kusema, "Kandida, mteja atakuja kuchukua nguo akiwa amezeeka." Watu waliuona ugonjwa huo wakauita bidii, na kwa sababu hiyo wakanifanya katibu wa klabu.

Tulikutana Jumapili baada ya Misa, katika chumba cha ghala la ushirika ambalo halikuwa na kahawa tena. Harufu yake ilibaki ukutani, ya magunia na ganda lililochacha, na mpaka leo nikiisikia naona benchi lile refu na sufuria ya kande aliyoileta mke wa Mwenyekiti. Damas alikuwa karani wa mizani pale pale ghalani mpaka alipopunguzwa kazi mwaka huohuo. Hakuacha kuja. Alivaa shati lake la kazini, akakaa kwenye meza yake ya zamani, na pale palipokuwa na vitabu vya kupimia kahawa akaweka daftari letu. Kisha akachongesha muhuri. Kuanzia hapo hakuna kadi iliyokwenda redioni kwa jina la klabu bila kupita mezani kwake. Aliisoma kwa sauti, akakata maneno aliyoyaona ya uchokozi, akagonga muhuri. Ile kadi ya pamoja, ambayo klabu iliituma kila wiki, aliipanga yeye. Mtangazaji alikuwa akisoma majina kumi hivi, kisha anasema "na wengineo wote". Majina kumi ya kwanza yalikuwa ya marafiki wa Damas. Watu wa ziwani walikuwa ndio wengineo wote.

Aliyeanza kulalamika ni Beno, mwenye mgahawa pale mabasi yanaposimama Kitai, mtu mwembamba mwenye mdomo usiofungwa. Kadi yake ilikuwa imezuiliwa mwezi mzima kwa sababu aliandika kwamba anawasalimu wote "wanaotajwa na wasiotajwa". Alisimama katikati ya ghala na bakuli la kande mkononi.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hii ni kadi ya salamu au ni hati ya kusafiria?"

Watu wakacheka. Damas hakucheka. "Beno, klabu ina utaratibu."

"Utaratibu ulikuwepo tangu tuanze. Muhuri ndio umekuja juzi."

"Wewe unataka kila mtu aandike anavyotaka? Mtangazaji akituchoka nani ataulizwa?"

"Utaulizwa wewe, maana wewe ndiye unayesomwa!"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikali. Damas aliinuka, na nilimwona anashika ukingo wa meza kama anayeogopa itachukuliwa. Alisema, bila kumwangalia mtu, "Huko kwingine nimepunguzwa. Hapa hanipunguzi mtu." Nadhani kama mmoja wetu angesema neno la upole wakati ule, mambo yangeishia hapo. Beno akaweka bakuli chini akasema, "Basi sisi tunajipunguza wenyewe," akatoka, na watu wakamfuata, mmoja mmoja, wengine wakirudi kuchukua kofia zao kwa aibu. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho kutoka. Sikutoka kwa ajili ya haki. Nilitoka kwa sababu Damas alikuwa ameandika kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu, juu ya mistari yangu iliyonyooka, na sikuweza kumsamehe.

Tukaanzisha Wasalimiaji Huru. Katiba niliiandika chumbani kwa Beno, nyuma ya mgahawa, mezani palipokuwa na kuku wawili waliofungwa miguu wakisubiri wateja. Mke wake, Osmunda, alikuwa akichagua maharage mlangoni na kutusikiliza. Nilikuwa nimeandika barua kwa kila mtu wa daftari la zamani kumtaka achague, na sasa nilikuwa napanga majibu katika safu mbili. Jina moja liligoma kukaa.

"Edina wa Lipingo tumweke wapi?" niliuliza.

"Kwetu," Beno alisema. "Damas alimweka mwisho kila wiki. Atakwenda wapi?"

"Hajasema."

"Si umwache hapo alipo?"

"Hapo alipo ni wapi, kaka Beno? Siwezi kuwa na orodha yenye alama ya kuuliza."

Osmunda alisema bila kuinua kichwa, "Huyo si ndiye mnayemtumia salamu za pole kila wiki, kila mtu kwa kadi yake? Mtu anaumwa, nyie mnamtaka achague chama."

Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa na karatasi safi mbele yangu, na safu mbili, na hakukuwa na safu ya tatu. Nikaandika kifungu cha saba: Asiyechagua hatajwi. Niliyatazama maneno yale mawili jinsi yalivyokaa. Nakiri kwamba niliyaona mazuri. Beno alisoma juu ya bega langu akapiga mluzi. "Katibu, umeandika kama Bunge." Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Wiki hiyohiyo, tulisikia, Damas naye alitangaza ghalani kwamba ambaye hatathibitisha uanachama wake jina lake litakatwa.

Barua ya Edina ilikuja baada ya siku chache, kwa mkono wa Mama Agnesi aliyekuwa akileta usipa sokoni Mbinga. Ilinuka samaki na moshi. Ninaijua kwa moyo: "Mdogo wangu Kandida, nimepata barua ya Mwenyekiti na ya kwako siku moja. Mimi sina upande. Nisalimieni tu, nyote. Mkishindwa, basi mmoja wenu. Huku kwetu hawaulizi nani kanisalimu, wanasikiliza kama nimetajwa. Ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri, na sababu sitaki kuiandika." Nilianza kumjibu jioni ileile. Nilitaka kumweleza kifungu cha saba kwa namna ambayo isingemuumiza, nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Rasimu ya nne niliiweka chini ya godoro niimalizie nikiwa nimetulia. Sikutulia. Barua yake niliitia kwenye bahasha niliyoiandika juu, kwa herufi kubwa zilizopangika: WASIOAMUA.

Miezi miwili ya kwanza ya Wasalimiaji Huru ilikuwa tamu, nisidanganye. Tulikuwa wachache kiasi kwamba mtangazaji alitusoma sote, na Jumapili pale mgahawani watu walishangilia kila jina kama goli. Kisha Mtanashati wa Mbuji akauliza kwa nini Beno anatajwa wa kwanza kila wiki. Akajitoa na wenzake sita, wakaanzisha ya kwao. Watu wa mwambao nao wakaanzisha ya kwao. Kila kundi lilikuwa na katibu, na kila katibu alikuwa na orodha, na nina hakika kila mmoja alidhani Edina yuko kwenye orodha ya mwenzake.

Siku moja ya soko Mama Agnesi alikuja kibarazani na kapu lake tupu kichwani. Nikainuka kwenye cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye Kandida wa redioni? Yule wa Lipingo anauliza kama mmekufa wote."

"Mwambie tupo."

"Nitamwambia mpo wapi, mwanangu? Redio haisemi."

Niliteremka ziwani siku iliyofuata, juu ya gari la mizigo lililokuwa likirudi na magunia matupu ya usipa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona ziwa, na sikumbuki lilivyokuwa. Nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi na kuyafumua. Gari liliishia njiani, nikamalizia kwa miguu, nikiuliza nyumba kwa nyumba. Mama mkwe wa Edina nilimkuta uani, anageuza usipa juu ya mkeka kwa kiganja. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniangalia kuanzia viatu.

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mwenzake wa kwenye redio, mama."

Aliacha kugeuza samaki. "Kumbe mpo. Alisema ana watu mpaka Kitai. Jumapili zikapita, hakuna anayemtaja. Mtu mwenye watu haachwi namna hiyo." Kisha akanyoosha mkono, si kuelekea nyumbani, bali kuelekea jikoni, kibanda cha matete kilichokuwa peke yake mwisho wa ua.

Hapo ndipo nilipoelewa sababu ambayo hakutaka kuiandika. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa ambao wakati ule hakuna aliyeutaja kwa jina, na sasa ulikuwa umemkamata yeye. Shemeji zake walitaka aondolewe nyumbani. Kilichowazuia kilikuwa ile alasiri ya Jumapili. Majirani walikuwa wakija kukaa na redio barazani kwa mama mkwe, na mtu wa Dar es Salaam alipotamka jina la Edina wa Lipingo na kumpa pole, hakuna aliyethubutu kumtoa chumba cha mbele. Jina lilipoacha kusomwa walingoja wiki tano. Ya sita wakamhamishia jikoni.

Alikuwa amelala pembeni ya mafiga, mdogo kama mtoto wa shule, kanga imemzidi. Alinitazama muda mrefu.

"Nilikudhania mrefu," alisema. "Mwandiko wako ni mrefu."

Nikaanza ile hotuba yangu. Akanikatiza kwa kidole. "Una kadi?"

Siku zote nilikuwa na kadi mkobani. Alinitajia majina, nami nikaandika nikiwa nimepiga magoti majivuni. Alitaja watu wa Damas na watu wa Beno, wa Mbuji na wa mwambao, alivyowakumbuka. Nilipomaliza akasema, "Soma kama yule mtangazaji. Na mlango uuache wazi." Nilisimama mlangoni nikasoma, kwa sauti nene, na jina lake la hewani mwanzoni. Uani, kiganja cha mama mkwe kilisimama juu ya mkeka. Nilisoma mpaka mwisho.

"Umemruka Mwenyekiti," Edina alisema nyuma yangu.

"Sikumruka kwa kusahau. Yule ndiye aliyekukata, dada."

"Na wewe je?" Hakusema kwa hasira. "Mwandike. Hizi ni salamu, Kandida, sio kura."

Hapakuwa na nafasi. Nilimbana Damas pembeni, kwa kupandisha, na wino ulidondoka ukafanya doa juu ya herufi ya kwanza. Mama mkwe alikuja mpaka mlangoni. "Itasomwa lini hiyo?" Nilimwambia wiki tatu, ikichelewa nne. Alifikiri. "Basi arudi chumba cha mbele mpaka Jumapili ya nne," akasema. "Tutasikiliza." Mchana ule alituletea ugali wa muhogo na usipa wa nyanya kwenye sinia moja, wa kututosha kabisa, na Edina alikula matonge matatu huku akinichekesha kuhusu Beno, ambaye hakuwahi kumwona. Nilipoondoka alikuwa amekaa kitandani, chumba cha mbele, dirisha limefunguliwa.

Sasa naandika nilichofanya. Nilifika Mbinga asubuhi, na posta ilikuwa hatua chache kutoka kwa Mama Otilia. Nilikuwa na kadi mkononi. Nikaiangalia. Doa lile lilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka, na jina la Damas lilikuwa limepinda kama lililoandikwa na mlevi. Nikawaza, mtangazaji hataweza kuisoma. Nikawaza, watamwonaje Edina, na kadi chafu kama hii? Nikaamua kuinakili upya, nusu saa tu. Kadi ya kwanza niliiharibu kwenye jina la sita. Ya pili niliiharibu kwenye anwani. Kadi zikaniishia, na dukani hazikuwepo. Waliniambia zitakuja na mzigo wa Songea. Nikasubiri mzigo. Siku kumi na moja zilipita, kisha wiki mbili nyingine, na kila siku ile kadi yenye doa, ambayo ilikuwa inasomeka kabisa, ilikuwa juu ya meza ya cherehani mbele ya macho yangu. Jumapili ya nne ilipofika ilikuwa bado pale.

Mama Agnesi hakutua kapu aliponieleza. Majirani walikuja, akasema, wengi, maana mama mkwe alikuwa ametangaza. Walikaa na redio mpaka kipindi kikaisha, na kilipokwisha walibaki wamekaa, wakiogopa kuwa wa kwanza kuinuka. Kesho yake Edina alirudishwa jikoni. Alifia huko Alhamisi.

Nilikwenda ghalani kwa Damas na kumwambia yote. Alifungua daftari la zamani akanionyesha jina la Edina, limekatwa kwa rula, mstari mwekundu ulionyooka vizuri. "Mimi nami nilimkata," alisema. Kisha akauliza, "Alinitaja?" Nikampa kadi. Aliisogeza karibu na dirisha, akalitafuta jina lake pale pembeni, akalikuta. Sijui aliwaza nini. Alichofanya ni kufungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaigonga kadi, akanirudishia. Hatukuwahi kulizungumza tena, miaka yote hiyo.

Kadi iko kwenye kopo la bobini za cherehani. Ijumaa ile niliitoa, nikasimama mlangoni na simu ikirekodi, nikaisoma kwa sauti nene, jina baada ya jina, wengi wao sasa marehemu. Mara ya kwanza nilikohoa, nikafuta. Mara ya pili niliruka jina, nikafuta. Mara ya tatu bodaboda ilipita barabarani ikipiga honi katikati ya jina la Damas. Kidole kilikuwa tayari juu ya alama ya kufuta. Nikatuma, honi ikiwemo, kwenye kundi kubwa na kwenye lile dogo.

Kundi kubwa halikujibu. Watu watatu zaidi waliondoka. Kwenye Huru Asilia, baada ya robo saa, Beno aliandika: "Asante kwa kumbukumbu, Katibu. Huyu Edina ni yupi?"

Nilimjibu: wa Lipingo. Kisha nikakaa na simu mkononi, kama wale majirani walivyokaa na redio.